Kuku wa Shemasi Wekesa

Siku mliyoniaga pale chuoni mlinitaka niseme maneno machache. Nilisimama, nikaitazama ile keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, nikasema asanteni, nikaketi. Wenzangu wadogo, si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tele, ila nimewajua walimu miaka mingi, na mwalimu akishaona keki masikio yake huziba. Sasa niko nyumbani Kitale. Nina migomba, nina ng'ombe mmoja mkorofi, nina muda. Nimeona niyaandike yale ambayo ningeyasema siku ile, myasome mkiwa mmeshashiba. Vyeo nitaviruka. Mshahara nao nitauruka, maana hata wenyewe ulikuwa na tabia ya kuniruka.

Wengi wenu mnadhani nilizaliwa mwalimu wa ujasiriamali. Hapana. Nilikuwa muuza mbegu. Nilikuwa na agroveti karibu na soko la Kitale, nikiuza mbegu za mahindi, mbolea na dawa za kupe, na mchana kutwa nikibishana na wakulima waliotaka mbegu ya mlimani wakaipande bondeni. Chuo kilipofungua tawi mjini kwetu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilijiandikisha kusoma jioni. Darasani niliketi na vijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Walikuwa wakiniita Mama mpaka wakati wa mtihani, hapo ndipo nilipogeuka kuwa rafiki yao wa kuketi karibu naye.

Nilipomaliza, aliniita Mchungaji Barasa, mkuu wa tawi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti moja la kijivu na kicheko cha watu watatu. Kabla ya kuwa mchungaji alikuwa afisa wa ushirika, akizunguka vijijini kwa baiskeli kuwapatanisha wakulima na viongozi wao. Aliniambia, "Nasimiyu, hawa vijana wangu wanafundishwa biashara na watu ambao hawajauza hata kiberiti. Njoo unisaidie na darasa la diploma."

Nikamwambia sijui kufundisha. Akasema, "Hata wao hawajui kufundishwa. Mtaanza pamoja."

Basi siku ya kwanza nikavaa suti ya kuazima na kuingia darasani na kitabu kutoka ng'ambo, kizito kama tofali. Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa uliokatwa katikati kwa mbao. Upande wa pili kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na kila nilipofungua mdomo, sauti ya pili ilinitangulia. Sura ya kwanza ya kitabu ilisimulia habari za mtoto aliyepata mtaji kwa kuondoa theluji mbele ya nyumba za majirani. Nikaisoma yote, kwa sauti ya kisomi. Wanafunzi wakaandika kila neno. Kisha mkono mmoja ukainuka huko nyuma.

"Madam, hiyo theluji inauzwa kwa kilo ama kwa gorogoro?"

Darasa zima lilicheka, kwaya ikanyamaza kusikiliza, na mimi nikacheka mpaka nikalazimika kuketi. Nilikifunga kile kitabu. Mpaka leo kiko hapa nyumbani na kinafanya kazi nzuri ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Somo lililofuata nilikuja na gorogoro mbili. Kwa yeyote atakayesoma haya na hatoki kwetu, gorogoro ni mkebe wa bati ambao sokoni hupimiwa mahindi na maharagwe. Mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa umegongwa kitako kikaingia ndani, ili ukijaa uonekane umejaa, na mnunuzi aende nyumbani na pungufu. Nikauliza, Mkristo atatumia upi? Wakajibu kwa sauti moja kama Jumapili, mzima! Nikasema haya, siku ya soko twendeni Kachibora. Huko nikawatuma wawaulize akina mama waliokuwa na mahindi. Mama mmoja, mcheshi, mwenye rozari shingoni, hakuona sababu ya kuficha. Aliwaambia, "Ya kununulia iko hapa, ya kuuzia iko pale. Nyinyi mnataka kuuza ama kununua?"

Tuliporudi kila mtu alichukua kalamu. Waliandika insha zao bora kabisa juma lile, na hakuna aliyetaja theluji. Tangu hapo nimebeba gorogoro mbili kwenda kila darasa nililofundisha. Mkikuta mikebe kwenye kabati la ofisi yangu, msiitupe.

Huko Kachibora ndiko nilikopata kesi yangu ya kwanza ngumu. Mwanafunzi wetu mmoja, mtu wa Cherangany, mpole, alifungua duka la vyakula kama kazi yake ya vitendo. Akawaalika washirika wa kanisa lake waje kuliweka wakfu. Walikuja wengi, wakaimba vizuri, mchungaji wake akahubiri juu ya ghala zilizojaa, na baada ya amina ikalazimu wageni walishwe. Wakala mkate wa duka, wakanywa soda za duka, watoto wakapewa biskuti za duka. Aliyekuwa na bibi aliyeshindwa kuja alifungashiwa sukari ya kumpelekea. Siku ya pili nilipofika kumkagua nilikuta rafu tupu na kijana amekaa juu ya kreti, akitabasamu kwa uchungu.

"Madam, duka limebarikiwa," akasema, "lakini limeisha."

Nilikwenda kwa Mchungaji Barasa nikiwa na hasira za kumtapikia mtu. Yeye alicheka kwanza, halafu akafuta machozi, halafu akasema huku kwetu Wakristo hatufilisiwi na wezi, tunafilisiwa na ibada za ufunguzi. Akamwita kijana na kumpa muhula mwingine wa kujaribu tena, kwa sharti moja: wakfu ufanywe mwisho wa muhula, na wageni waje na chakula chao. Duka lile lilisimama. Nilijifunza kwa Barasa kwamba kuna makosa ambayo ukiyapigia kelele, unampoteza mtu, na ukiyacheka pamoja naye, anarudi kesho.

Baadaye nilipelekwa Bungoma kuanzisha darasa la jioni. Tulikodi ghorofa ya juu ya jengo moja mjini, karibu na msikiti. Mara nyingi nilikuwa katikati ya maelezo adhana ya magharibi inapopanda, na mwanzoni nilijaribu kushindana nayo kwa kupaza sauti. Mchungaji Barasa alipokuja kunikagua aliniambia kwa upole, "Jirani akiomba, wewe meza mate. Ni adabu tu." Tangu siku hiyo nilikuwa nikinyamaza, wanafunzi wakapumzisha mikono yao, na hakuna somo lililowahi kuharibika kwa sababu hiyo.

Ni kwenye darasa hilo ndipo alipokuja Zuhura.

Alikuja na babake, Mzee Abdala, mwenye bucha kwenye mtaa ule ule wa msikiti. Watu wa mtaa ule wana asili nyingi, na Mzee Abdala alipenda kusema yeye ni mtu wa Bungoma, asili muulize babu yake, naye babu yake keshakufa. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeupe na maneno ya kupimwa. Zuhura alikuwa amekwishauza vitambaa sokoni na alikuwa na kichwa cha hesabu, lakini vyuo vya mbali hangeweza kwenda. Chuo cha karibu kilikuwa chetu, na chetu kilikuwa cha Wakristo, chenye ibada ya lazima kila Jumatano. Nilimpigia Mchungaji Barasa simu nikimuuliza tufanyeje. Akasema, "Aje akae tu. Asikilize asisikilize. Hata mashemasi wengine wanasinzia."

Mzee Abdala alinitazama muda kabla ya kuondoka siku ile. "Mwalimu," alisema, "majirani wananiambia namtoa mtoto msikitini nampeleka kanisani kwa ajili ya karatasi. Mimi nimewaambia dini anayo, anakwenda kutafuta biashara. Nakuachia. Lakini jua anatembea na jina langu. Siku jina hilo likichafuka huko kwenu, nitamchukua."

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na kuanzia siku hiyo nilikuwa nikimwona Zuhura na kuliona lile jina juu ya kichwa chake.

Wenzangu wadogo, mnajua kazi ya vitendo ya diploma inavyokwenda: kila kundi linaendesha biashara ya kweli kwa muhula mzima, na anayeshindwa hapo hahitimu. Kundi la Zuhura liliamua kufuga kuku wa kienyeji na kuwauza wakiwa wamechinjwa na kunyonyolewa, kwa wapishi wa mjini. Waliwafugia Kabuchai, nyumbani kwa mwenyekiti wao, Wekesa.

Huyu Wekesa nimweleze vizuri, maana nampenda. Alikuwa shemasi kanisani kwao, kijana mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Akiomba kufungua kipindi, kipindi kilikuwa kinapungua kwa robo. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, mchapakazi, na aliamini kwamba kila jambo jema likifanywa kwa sauti kubwa linakuwa jema zaidi. Yeye alilisha kuku, Zuhura akatafuta wanunuzi. Na Zuhura akapata mnunuzi mkubwa: Mama Saumu, mpishi wa sherehe anayejulikana mji mzima, aliyepewa kazi ya kulisha semina ya wakulima upande wa Mabanga.

Mama Saumu alikuwa na swali moja tu. "Hao kuku nani atachinja?"

"Baba," Zuhura akajibu. "Mama, kwa hilo usiwe na shaka, mimi mwenyewe nakuahidi."

Mkazi yeyote wa Bungoma anajua sababu ya swali lile. Kwetu, mtu akiwa na shughuli ya watu wengi, harusi, matanga au harambee, anamwita Mwislamu amchinjie, hata mwenye shughuli akiwa askofu. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni ili mgeni yeyote atakayefika akute chakula anachoweza kula, asikae pembeni na sahani ya kabeji huku wenzake wanatafuna. Mkristo anakula, Mwislamu anakula, mambo yanaisha. Mzee Abdala mwenyewe alikuwa akiitwa kwenye sherehe za makanisa kuliko wachungaji wengine. Wekesa alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani kwao, na Zuhura alipomwambia wapelekwe kwa babake alijibu sawa.

Lakini alfajiri ya siku ya kupeleka kuku, akiwa katika maombi, Wekesa alipata wazo. Hii ni biashara ya chuo kikuu cha Kikristo. Askofu akisikia kwamba vijana wa chuo chake wanawapeleka kuku wao wakachinjwe msikitini, atasemaje? Je, si kumwonea haya Kristo? Basi aliwaita wenzake waliokuwa pale Kabuchai, wakaimba wimbo, akaomba kwa kirefu, na wakachinja wenyewe. Wakawanyonyoa, wakawapanga kwenye kreti juu ya barafu, wakawapeleka Mabanga moja kwa moja. Wakati huo Zuhura alikuwa mjini mlangoni pa bucha, na babake ameshanoa kisu. Simu ya Wekesa haikushika, kule nyumbani kwao hakukuwa na mtandao.

Mama Saumu alifunua kreti ya kwanza, akauliza swali lake lile lile, na Wekesa akajibu kwa fahari, "Ni sisi wenyewe, Mama. Kwa jina la Yesu."

"Wewe kijana ni wa wapi?"

"Kabuchai."

"Si ungeniambia umetoka ng'ambo!" Mama Saumu akasema. "Mtu wa Kabuchai, na hujui? Sasa hawa watu nitawalisha nini bana?"

Semina ilikula maharagwe siku ile. Nasikia yalikuwa mazuri, lakini hakuna aliyeyasifu. Mama Saumu hakumpigia Zuhura simu. Alimpigia Mzee Abdala, akamuuliza binti yake amejaribu kuwalisha watu nini. Simu hiyo Mzee aliipokea mbele ya wateja, na kabla ya adhana ya alasiri mtaa ulikuwa umekwisha kupata habari kwamba binti ya Abdala ameenda kusoma kwa Wakristo na sasa anauza vibudu kwa jina la babake.

Jioni ile Zuhura hakuja darasani. Kesho yake alikuja ndugu yake mdogo wa kike, akasimama mlangoni bila kuingia, na kusema, "Madam, Baba amesema Zuhura amemaliza kusoma."

Sikuwa na hasira na Mzee, alikuwa ametimiza alilosema. Niliumia kwa sababu yule msichana hakuwa na kosa hata la kuazima, na aliyekuwa amebaki na kila kitu ni yule aliyekosa. Hata kuku walirudi tukawala sisi wenyewe chuoni, na ibada ya Jumatano hiyo ilijaa kuliko ibada yoyote ya muhula ule.

Nikampigia Mchungaji Barasa Kitale. Nikamwambia nakwenda kwa Mzee Abdala kumwomba radhi kwa niaba ya chuo.

"Usiende," akasema. "Wewe ukienda utaomba radhi kwa ufasaha, na Mzee hahitaji ufasaha. Aende aliyefanya."

"Ataweza?"

"Hilo sijui. Mfuate kwa nyuma, asije akaomba sala ndefu."

Nikamwita Wekesa. Alikuja ameshajua. Aliketi kwenye dawati la mbele, dogo kwake, magoti yakimgusa kidevu.

"Mwarimu, mimi niridhani namheshimu Mungu," alisema. Akishikwa na uchungu ulimi wake ulirudi Kabuchai.

"Pengine ulimheshimu. Lakini ulimwambia Zuhura sawa, halafu ukafanya lako. Sasa aibu yako ameibeba yeye."

"Ati amekatazwa kabisa kuja?"

"Kabisa."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kisha akasema wamebaki kuku kadhaa wazima, na semina haijafungwa, bado kuna chakula cha siku ya mwisho. Akaniuliza kama Mzee ana mbwa.

Tulikwenda mchana. Wekesa alitangulia na kuku wamefungwa miguu, wawili wawili, mimi nyuma na mkoba wangu. Mzee Abdala alikuwa nyuma ya meza yake ya kukatia nyama. Hakutukaribisha. Nilisikia nyayo za mtu nyuma ya pazia la mlango wa ndani, nikajua Zuhura yuko.

"Wewe ndiye shemasi?" Mzee akauliza.

"Ndiye mimi, Mzee."

"Sauti yako ni ndogo. Siku ya kuchinja uliongea hivyo?"

"Siku ile nilikuwa naimba," Wekesa akajibu, na alikuwa anasema kweli tupu. Nilitaka ardhi inimeze.

Mzee akafuta kisu. "Sema lililokuleta."

"Zuhura alituambia tuwalete kwako. Akatuambia tena mara ya pili. Mimi nilisema sawa. Halafu niliogopa askofu wetu atasikia, nikachinja mwenyewe. Yeye hakudanganya Mama Saumu, hakukudanganya wewe. Hakuwa hata pale. Nimekuja kukuambia hivyo, na Mama Saumu nitamwambia. Na Mzee, kama ungetaka, hata watu wa mtaa huu naweza kuwaambia."

"Si kama," Mzee akasema. "Nataka."

Sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanatoka msikitini, wengine wakivaa viatu, wengine wamesimama barazani wakisalimiana. Mzee Abdala alitoka dukani, akasimama kando ya njia, mikono nyuma. Wekesa alinitazama. Mimi nikatazama chini, maana pale sikuwa na la kumsaidia. Basi akavuka barabara na kuku wake mikononi, akasimama mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kumcheka, na akasema jina lake, jina la babake, na kwao.

Mnakumbuka sauti ile niliyowaambia, ambayo muhula mzima tulimwomba aipunguze. Siku hiyo ilitufaa. Aliyekuwa barazani alisikia, aliyekuwa dukani ng'ambo alisikia, na mama aliyekuwa anauza njugu kona alisimama ili asikie vizuri zaidi. Alisema Zuhura binti Abdala alikuwa ameagiza kuku wachinjwe na babake. Alisema yeye, shemasi Wekesa, ndiye aliyevunja neno lake, na kwamba mtu akimsema yule msichana tena aje Kabuchai amseme yeye. Kisha maneno yakamwishia, akabaki amesimama, kuku wakipiga mabawa.

Mzee mmoja mwenye fimbo akamuuliza, "Lakini kijana, mbona hukumwita tu Abdala? Si sote tunaishi pamoja hapa?"

"Niliona haya, babu."

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kuuma. Nilisikia mmoja akisema, "Angalau huyu ametubu na sauti." Nilipogeuka nilimwona Zuhura ameshatoka nje ya pazia, amesimama mlangoni pa bucha na mkono mdomoni. Sijui kama alikuwa analia au anajizuia kucheka. Baadaye aliniambia ni yote mawili.

Mzee Abdala alirudi ndani, akachukua kisu. "Leta hao kuku," akasema. "Wewe shika miguu na mabawa. Na ushike vizuri."

Walichinja pamoja nyuma ya bucha. Mzee alisema bismillahi kwa kila kuku, na kila mara niliona midomo ya Wekesa ikitembea bila sauti. Mzee aliiona pia. Alimwacha aombe. Mama Saumu aliwapokea wale kuku siku ya kufunga semina, baada ya kumfokea Wekesa kiasi kilichomtosha yeye Mama Saumu, na wakulima wa dini zote wakala wakashiba.

Juma lililofuata Zuhura alirudi darasani. Msidhani aliingia akikumbatiana na watu. Kwa muda mrefu hakuzungumza na Wekesa isipokuwa mambo ya kazi: "Mwenyekiti, kreti ziko wapi? Mwenyekiti, barafu umeagiza?" Wekesa alijibu kila swali akiwa amesimama. Ila kabla muhula haujakwisha nilimsikia Zuhura akimwambia, "Sasa wewe, punguza sala, kuku wanakufa na baridi," naye Wekesa akacheka, nami ofisini kwangu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kutokana na kesi hiyo nilibadilisha namna ya kufundisha. Zamani swali langu la kwanza kwa kila kundi lilikuwa, nani atanunua? Tangu mwaka ule nilianza na, nani ataketi mezani, na ni nani kati yao atashindwa kula? Mkiwafundisha hawa vijana wa sasa, wenye simu kubwa na maneno ya haraka, waulizeni hilo kabla hamjafika kwenye mtaji. Watawaona washamba, wavumilieni.

Mahafali yalifanyika Kitale, kwenye hema. Sisi tulikuwa na desturi moja ambayo wengine wenu hamkuikuta, maana idadi ilipokua iliachwa: kabla ya kutoa vyeti, wahitimu walisimama mbele, kila mzazi akaja nyuma ya mtoto wake, akamwekea mkono begani, na wote wakaomba kwa sauti kwa wakati mmoja. Mchungaji Barasa aliniuliza pembeni tufanyeje na Mzee Abdala, maana alikuwa amekuja, kanzu nyeupe, kofia mpya, amekaa safu ya tatu. Nikamwambia tumwache aamue mwenyewe.

Wazazi walipoitwa, Mzee Abdala aliinuka pamoja nao. Akapita katikati ya viti, akasimama nyuma ya Zuhura, akamwekea mkono begani. Hema likajaa sauti, Kibukusu, Kiswahili, Kikalenjini, kila mama akimwambia Mungu habari za mwanawe kama vile Mungu hakuwahi kuzisikia. Hapo ndipo nilipomwona Wekesa. Babake alikuwa marehemu, na mamake, niliambiwa baadaye, alikuwa ameamka mgonjwa asubuhi ile akashindwa kusafiri. Alisimama mwisho wa mstari, mabega mapana ndani ya joho, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa amefumba macho na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anaomba.

Nilianza kusogea niende mimi. Sikufika. Mzee Abdala alikuwa amefungua macho na kumwona. Alimshika Zuhura mkono, akamvuta taratibu kando ya mstari mpaka mwisho, akasimama nyuma yao wote wawili, akaweka mkono mmoja kwa binti yake na wa pili kwa Wekesa. Wekesa aliruka kidogo, akageuka kuona ni nani.

"Tazama mbele," Mzee alimwambia. "Husimami peke yako na mimi nipo." Kisha akaanza dua yake, na Wekesa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuishinda sauti yake, akalia kimya kimya mpaka Mzee alipomaliza.